Suruali ya Mfuko wa Ndani

Yule fundi watu walimwita Futi, kwa sababu macho yake yalikuwa futikamba. Mtu akivuka barabara ng'ambo kule, amejifunika koti la mvua mpaka magotini, Futi anamtupia jicho moja dirishani na kusema, "Kiuno thelathini na sita na nusu. Na hiyo nusu ni ya chakula cha mchana." Wapo wanaoapa kwamba aliwahi kumshonea suruali mtu aliyemsikia kwenye simu tu, na suruali ikamkaa. Asiyeamini shauri yake.

Duka lilikuwa na mlango mmoja, cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na suruali zilizoning'inia ukutani kichwa chini kama popo. Nyuma kulikuwa na chumba kingine chenye vijichumba viwili vya kujaribia nguo. Kila kimoja kilikuwa na pazia la kijani lililoishia futi nzima juu ya sakafu, kwa hiyo mtu akiwa ndani humwoni, unaona viatu vyake tu.

Miaka sita nyuma, Futi alipasuliwa kwa saratani ya tezi dume. Hiyo tezi ni kidude kidogo kilichojikalia chini ya kibofu, mwanamume anaishi nacho miaka hamsini bila hata kukisalimia, kisha siku moja kinaamka na hasira zake. Futi alipona, ila mkojo wake ukawa hauombi ruhusa tena. Akaumiza kichwa, akashona suruali ya aina yake: mbele, kwa ndani, mfuko wa bitana mbili, na katikati kitambaa cha mwavuli. Pedi inakaa humo, mtu anatembea mjini kifua mbele, hakuna anayejua. Kuanzia hapo, kila mwavuli uliovunjwa na upepo mtaani ulizikwa kwake.

Nesi mmoja wa hospitali aliiona ile suruali akacheka, halafu akaacha kucheka. Akaanza kumtumia wanaume. "Nenda kwa fundi," aliwaambia. "Usieleze kitu. Sema tu unataka suruali yenye mfuko wa ndani." Hivyo ndivyo kikundi kilivyoanza. Kila Jumamosi saa tisa alasiri walikutana chumba cha nyuma, wanaume na wake zao, bila daktari, bila mwenyekiti, wote wa kujitolea. Mke wa Futi, ambaye jina lake lilikuwa Mama Vifungo kwa sababu mdomoni mwake hapakukosa vifungo viwili vitatu, alikaa na wanawake wenzake upande wa pasi. Mgeni asiyetaka kuonekana aliingia kijichumbani akafunga pazia, akasikiliza, akauliza akitaka. Mmoja alikaa humo ndani miezi miwili, wakawa wanampitishia maji ya kunywa chini ya pazia kama mfungwa.

Mkutano ukiisha, Mama Vifungo alichukua ufagio akafagia vibaki vya vitambaa mpaka nje, kumaanisha maneno yote yametoka na taka. Hiyo ndiyo sheria yao. Haikuandikwa popote, na kwa miaka mitano haikuvunjwa na mtu.

Aliyekuja kuivunja ni Futi mwenyewe.

Jumamosi hiyo kijichumba cha kwanza kilikuwa na viatu vyeusi vilivyong'arishwa mpaka unaweza kujinyoa ukijitazama humo, kamba zimefungwa fundo mbilimbili, na vumbi jeupe la chaki kwenye ncha. Hivyo vilikuwa viatu vya Mwalimu wa hesabu. Ulikuwa mwezi wake wa tatu, na bado hajatoa pua nje. Ugonjwa wake umewahiwa mapema, bado haujatembea, na Jumatatu saa moja asubuhi alitakiwa hospitali kupasuliwa. Daktari wa upasuaji huo alikuja mara moja kila miezi minne. Nafasi ikipita, ni miezi minne mingine ya kukaa na kitu kisichongoja mtu. Na hospitali walitaka mtu wa nyumbani aje naye kuweka sahihi. Mtu huyo ni mkewe, na mkewe hakujua lolote.

Futi alikuwa mbele dukani akichukua chaki, alipoingia jamaa mrefu mwenye buti zilizokauka udongo mwekundu. Dereva wa lori la mchanga. Macho yalimtembea duka zima kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

"Karibu, ndugu yangu. Nikusaidie nini?"

Jamaa akababaika. "Mimi? Nataka... suruali. Ndiyo, suruali. Yenye mfuko wa ndani."

Futi akaweka chaki chini, akashusha sauti. "Pole sana. Imeanza lini?"

"Tangu nianze safari ndefu. Kinaloa."

"Kinaloa sana?"

"Kila siku! Nikishuka kwenye lori nakikuta kimelowa chote. Na usiku naamka mara tatu, mara nne, napapasa nione kama kipo."

"Na kipo?"

"Mpaka leo kipo. Ila kimejikunjakunja, hata sitamani kumwonyesha mtu."

Futi akamshika bega, machozi yanamlengalenga. "Vyetu sote hapa vimelowa na vimejikunja, ndugu yangu. Hauko peke yako. Pita ndani."

Maskini dereva wa watu alikuwa anazungumzia cheti chake cha udereva, ambacho alikiweka mfuko wa nyuma kikaoga jasho. Lakini hakuuliza swali, kwa sababu kupita ndani ndiko alikokutaka. Akaingia kijichumba cha pili, pazia likafungwa, buti zake zikabaki zinachungulia.

Kinyozi ndiye aliyekuwa anaongea. Yeye hakukosa mkutano na hakukosa mzaha. "Mimi nanyoa watu vichwa miaka ishirini," alikuwa anasema, "daktari akaja kuninyoa mahali ambapo hata kioo sikuwahi kupeleka." Wanawake upande wa pasi wakacheka. Mkewe akamtupia kitambaa.

Ndipo sauti ikatoka kijichumba cha kwanza, kavu, kama inasoma ubaoni. "Nimepiga hesabu. Jumatatu siendi."

Kicheko kikakatika.

"Mwalimu," Futi akasema, "tuliongea wiki iliyopita..."

"Wiki iliyopita nilidanganya. Nikipasuliwa nitakuwa mwanamume nusu. Mke wangu ameolewa na mzima. Bora nife naye hajui kuliko niishi ananitazama kama mtoto aliyekojoa kitandani. Sijamwambia, na simwambii."

Pazia la pili likavutwa kwa nguvu hadi pete mbili zikaruka.

"Shemeji!" dereva akapiga kelele. "Ni wewe, shemeji?"

Upande wa wanawake pasi ikabaki inahema peke yake. Kisha pazia la kwanza likafunguka polepole, na kwa mara ya kwanza watu wa kikundi wakamwona Mwalimu uso: mtu mwembamba, nywele zimechanwa. Hakumtazama shemeji yake. Alimtazama Futi.

"Uliniambia humu maneno hayatoki," alisema. "Ukaenda kuniletea kaka wa mke wangu, ukamkalisha hatua moja kutoka sikioni mwangu."

"Mwalimu, aliomba mfuko wa ndani..."

"Nataka wa kuweka cheti changu!" dereva akasema, na hapo ndipo Futi alipoelewa. Macho yaliyopima viuno vya mji mzima yalishindwa kumpima mtu mmoja aliyesimama mbele yake.

Mwalimu alitoka kupitia dukani. Kamba ya kiatu kimoja ilifunguka, na yeye, mtu wa fundo mbili, hakuinama kuifunga.

Mama Vifungo ndiye aliyemzuia dereva mlangoni, ufagio mkononi kama askari. "Nani kakutuma?"

"Dada. Miezi mitatu shemeji anatoka kila Jumamosi, eti anakwenda kwa fundi wa suruali, akirudi haongei. Dada anajua kuna mwanamke. Juzi kakuta begi juu ya kabati, limefungwa: nguo za kulalia, sabuni, taulo. Anasema mume wake anahama. Mimi nimemfuata ili nimwone huyo mwanamke."

"Umemwona?"

"Nimeona mke wa Kinyozi... na Kinyozi mwenyewe yupo."

"Sasa dada yako utamwambia nini?"

"Nilichosikia."

"Siyo chako hicho, mwanangu. Hata mimi sio changu."

Dereva akavua kofia, akaifinyanga. "Mama, dada yangu halali. Mimi naondokaje hapa na neno hili, nikamwangalia usoni? Nawapa mpaka kesho saa kumi na mbili jioni. Shemeji asiposema mwenyewe, nasema mimi."

Akaondoka. Futi alikaa juu ya rundo la vibaki. "Akisema yule kijana, Mwalimu hataenda. Atatoroka, namjua. Ana aibu kuliko uhai."

"Na asiposema mtu, nani ataweka sahihi?" Mama Vifungo akauliza. Siku hiyo hakufagia mtu.

Jumapili saa nane mchana wakabisha hodi nyumbani kwa Mwalimu. Futi alibeba suruali mpya ya kijivu ndani ya gazeti. Hakuwa na mpango wowote. Njia nzima mkewe alimuuliza atasema nini, na yeye njia nzima alijibu, "Nitajua nikifika," kama mtu anayekwenda kung'oa jino la simba.

Aliyefungua alikuwa mke wa Mwalimu, karani wa posta, mwanamke aliyegonga mihuri miaka kumi na minane mpaka ngumi yake ya kulia ikawa na uzito wake mwenyewe. Macho mekundu. Nyuma yake, kwenye ukingo wa kochi, dereva alikaa goti likimcheza, akitazama saa ya ukutani.

"Karibuni. Mwenyewe yuko ndani, anasema kichwa kinamuuma, haonani na mtu." Akaonyesha mlango wa chumbani, wenye pazia la maua. "Nyinyi ni nani?"

"Mimi ni fundi wake wa suruali. Huyu mke wangu."

Karani akaketi taratibu. "Fundi. Kumbe ni kweli kuna fundi. Basi niambie wewe fundi, maana mimi najua kuhesabu Jumamosi: suruali gani hiyo inapimwa miezi mitatu?" Sauti ikapanda. "Mume wangu ana mwanamke? Sema ndiyo au hapana. Nimechoka."

Futi akafungua mdomo. Akisema hapana, ataulizwa ni nini basi. Akisema ni nini, amevunja sheria mara ya pili kwa siku mbili. Akainamisha macho, na hapo akaviona. Chini ya pazia la maua, viatu vyeusi, vimeng'aa, fundo mbilimbili. Mwalimu alikuwa amesimama pale pale, anasikiliza.

"Shemeji," Futi akamwambia Karani, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "habari za mume wako sina ruhusa ya kuzisema. Nina ruhusa ya zangu tu. Utanivumilia?"

"Zako zinanihusu nini?"

"Sijui. Mimi, miaka sita iliyopita, nilitolewa tezi dume. Saratani. Nikatoka hospitali na mpira wa mkojo unaning'inia, na mpira ulipotolewa, nikawa navuja. Siku moja namshonea bwana harusi suruali. Nimepiga magoti mbele yake, napima mguu kwa ndani, futikamba mkononi, ndugu zake sita wamesimama. Nikapiga chafya."

Hadithi hii aliwahi kuwasimulia watu wa Jumamosi. Kwa mtu wa nje, sebuleni kwa watu, hajawahi.

"Chafya moja tu. Bwana harusi akaruka akidhani bomba limepasuka. Na mimi nimebaki magotini, katikati ya ziwa langu."

Dereva akatoa kicheko puani, akakimeza. Karani hakucheka. Alikuwa anamtazama Futi kama barua isiyo na anwani.

"Wiki mbili sikufungua duka," Futi aliendelea. "Na kitandani... kitandani mambo yalilala pia. Nilijiona sina maana. Nikageukia ukuta."

"Miezi mitano aligeukia ukuta," Mama Vifungo akadakia, "kama mtu aliyeajiriwa kusoma rangi. Namgusa, anaruka. Namuuliza, anasema amechoka. Nikajua hapa pana mwanamke. Dada yangu, nilinusa mashati yake!"

Ngumi ya Karani ikajikunja juu ya goti. "Ulinusa mashati?"

"Yote. Kola, kwapa, mikono. Sikupata kitu. Basi siku moja nikanusa suruali."

"Halafu?"

"Halafu nikajua mwanamke wake ni kibofu."

Dereva hakuweza kuzuia, akacheka hadi akakohoa. Lakini Karani alisimama. Polepole macho yake yaliondoka kwa Mama Vifungo, yakapita kwenye gazeti lenye suruali, yakapita kwa kaka yake aliyekuwa akitazama saa, yakashuka chini ya pazia la maua. Akaviona viatu. Viatu havikusogea.

"Ulimfanyaje ulipojua?" akauliza, bila kuviacha kwa macho.

"Nilimpiga na mto. Kwa kunificha. Halafu tukakaa chini tukatafuta mwavuli."

"Na kitandani?"

"Inachukua muda, na mengine hayarudi kama zamani, sikudanganyi. Ila ukuta tumeuacha. Mtu akikugeukia, mengi yanawezekana."

Karani akatikisa kichwa. Alipoongea tena, sauti ilikuwa ile ya dirishani posta, ya kumuuliza mteja anapeleka nini wapi.

"Kuna begi juu ya kabati langu. Linakwenda wapi?"

Dereva alifungua mdomo, Mama Vifungo akamkanyaga mguu. Saa ya ukutani ikagonga, ikagonga. Moyoni Futi alikuwa anamwomba yule mtu wa nyuma ya pazia: sema, Mwalimu, sema neno moja, mengine tutakushonea.

"Linakwenda wapi?" Karani akauliza mara ya pili, akilisemesha pazia lenyewe.

"Hospitali." Sauti ilikuwa ndogo. "Kesho saa moja asubuhi."

Karani akaenda mpaka kwenye pazia. Hakulivuta. Alisimama mbele yake, vidole vya miguu yake karibu viguse ncha za viatu.

"Umechukua taulo langu jipya," alisema, na sauti ikampasuka. "Na kandambili hukuweka. Unakwenda hospitali bila kandambili, mtu mzima wewe?"

"Sijasema nitakwenda. Sikutaka unihurumie."

"Nani kasema nitakuhurumia? Miezi mitatu nanusa mashati yako! Nitakuchapa, kisha nitaweka hiyo sahihi."

Viatu vikarudi nyuma hatua moja, vikapotea. Karani aligeuka, uso umelowa. "Nendeni," aliwaambia. "Acheni suruali. Nendeni tu."

Kwa hiyo wakaondoka bila kujua.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu Futi alikuwa kwenye benchi la hospitali, nje ya mlango wa wodi, anavunja vidole. Saa moja kasoro tano akatoka nesi, yule yule wa mfuko wa ndani, na karatasi. Akaita namba moja, akaingia mtu na mkewe. Namba mbili. Namba tatu. Namba nne hakuitika.

"Namba nne!"

Futi alikimbia mpaka getini, akatazama barabara kushoto na kulia. Watu wa kazini, baiskeli, mwanamke na ndoo. Akarudi mbio, na kukimbia nako kwa mtu kama yeye si jambo dogo, ila mwavuli ulishika.

"Nesi, nipe dakika kumi."

"Fundi, daktari ameshavaa glovu. Kuna mtu wa akiba amekuja bila kula tangu jana." Akaweka kalamu kwenye karatasi. "Namba nne, mara ya mwisho."

Honi ikalia getini. Sio honi ya gari la heshima, ni honi ya kufukuza ng'ombe wa vijiji vitatu. Lori la mchanga likaingia likimwaga vumbi, mlinzi anarukaruka mbele yake, dereva ametoa kichwa dirishani anapiga kelele, "Namba nne! Namba nne huyu hapa!" Mlango ukafunguka. Akashuka Karani kwanza, begi begani. Akageuka, akanyoosha mkono juu. Mwalimu akaushika akashuka, suruali ya kijivu imemkaa kama ngozi.

"Tungefika mapema," dereva akamwambia Futi akihema, "ila dada katurudisha nusu ya njia. Kandambili."

Nesi akanyanyua kalamu kutoka kwenye karatasi, akaiweka nyuma ya sikio. Karani akaweka sahihi kwa ngumi ile ile ya mihuri, meza ikaruka.

Wakampeleka Mwalimu kitanda cha mwisho, wakavuta pazia la wodi ili abadilishe nguo. Futi alibaki nje mikono mitupu, bila kujua kama anatakiwa au hatakiwi. Mwalimu hakuwa amemsemesha tangu ashuke. Pazia la hospitali nalo halikufika chini. Aliona viatu vyeusi vikivuliwa na kusukumwa pembeni, kisha nyayo mbili peku zikisimama kwenye saruji baridi, zinatetemeka. Kisha akaona viatu vya Karani vikisogea, vikasimama katikati ya zile nyayo, karibu kabisa, mpaka mtetemeko ukapungua.

"Fundi," sauti ya Mwalimu ikaita. "Upo?"

"Nipo, Mwalimu."

"Bado nimekasirika."

"Una haki."

"Hii suruali. Nishonee nyingine mbili."

"Tatu," Karani akasema humo ndani. "Huyu ana chafya mbaya sana."